Anayejitolea na kinachoonekana mwilini: njia za kupanua sheria ya ubaguzi zikilinganishwa

Sheria nyingi za kupinga ubaguzi kazini zina milango miwili. Wa kwanza unauliza: una uhusiano gani na huyu unayemlalamikia? Wa pili unauliza: amekubagua kwa msingi upi? Anayejitolea hukwama kwenye mlango wa kwanza, maana hana mkataba wala mshahara. Mwenye rasta, hijabu, kilemba au ndevu huupita wa kwanza bila shida, kisha akafungiwa wa pili. Anaambiwa hakubaguliwa kwa rangi wala kwa dini, bali kwa nywele, na nywele hukatwa.

Wanaoandaa miswada hupenda kuifungua milango yote miwili kwa kifungu kimoja, na hapo ndipo kazi huharibika. Tatizo la kwanza limo katika tafsiri ya maneno "mwajiri" na "mwajiriwa". La pili limo katika orodha ya misingi ya ubaguzi. Kuongeza neno "mavazi" kwenye orodha hakumsaidii anayejitolea ambaye baraza linalosikiliza madai ya kazini halina mamlaka ya kumsikiliza, na kumtambua anayejitolea hakumsaidii aliyeambiwa akate nywele. Kwa hiyo tunazilinganisha njia za kila mlango peke yake, kisha tunaangalia zinapokutana, na tunasema tungechagua ipi na kwa nini.

## Mlango wa kwanza: anayejitolea

| Njia | Ilikotumika | Anayebaki nje |
|---|---|---|
| Kuiachia mahakama ipime nani ni mwajiriwa | Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 (Marekani). Uingereza | Karibu kila asiyelipwa |
| Kuiingiza kazi isiyolipwa ndani ya tafsiri | Queensland, Australia (1991), New Zealand (1993) | Msaada wa kijirani usiosimamiwa na yeyote |
| Kumkinga dhidi ya unyanyasaji tu | Victoria, Australia (2010), kwa unyanyasaji wa kingono | Aliyekataliwa au kuondolewa kwa upole |
| Kifungu cha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo tu | Oregon (2013), jimbo la New York (2014) | Anayejitolea asiye mwanafunzi |

Njia ya kwanza haidai kuandika chochote, na ndiyo maana inapendwa. Gharama yake hulipwa na mlalamikaji. Nchini Marekani mahakama kadhaa za rufaa za shirikisho huanza na swali moja: je, mtu huyu alipata malipo au manufaa yenye uzito? Kama hakupata, kesi huishia hapo, hata kama alichotendewa hakina ubishi. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano iliamua kesi ya mzimamoto wa kujitolea huko Louisiana. Alikuwa anapata dola 2 kwa kila wito wa dharura, bima ya maisha, sare na beji, vifaa vya kazi na mafunzo. Mahakama ikasema vyote hivyo havitoshi kumfanya mwajiriwa. Miaka 20 kabla yake, Kanda ya Nne ilikuwa na mzimamoto mwingine wa kujitolea, ambaye manufaa yake yalikuwa ya aina nyingine: pensheni ya ulemavu, mafao kwa wategemezi akifia kazini, kurudishiwa ada ya masomo. Hapo mahakama ilikataa kuifunga kesi mapema, ikataka ushahidi upimwe. Kanda ya Sita nayo, mwaka 2011, ilisema malipo ni kipimo kimoja tu kati ya vingi.

Tazama mlalamikaji anavyolazimika kuanza. Kabla hajasema neno moja kuhusu alichofanyiwa, lazima athibitishe thamani ya sare yake. Na shirika linalotaka kujikinga hujifunza somo baya: likipunguza posho, bima na nauli, linapunguza pia uwezekano wa kushtakiwa. Njia hii inamwadhibu anayejitolea mara mbili.

Uingereza ilifika mahali hapohapo kwa barabara nyingine. Tarehe 12 Desemba 2012 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyomhusu mshauri wa sheria wa kujitolea katika ofisi ya Citizens Advice, mtandao wa vituo vya kuwashauri wananchi. Makubaliano yake yalisema wazi kwamba yanafunga kwa heshima tu, si kisheria. Alikuwa akifanya kazi saa chache kwa wiki, siku moja hadi tatu. Alidai aliondolewa kwa sababu ya ulemavu. Mahakama haikufika kwenye dai lenyewe. Ilisema bila mkataba hakuna ajira, na kwamba neno "kazi" katika Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000, yaani sheria ya pamoja ya usawa kazini kwa nchi wanachama, halimhusu anayejitolea. Moja ya sababu inawapasa waandishi wa sheria waikumbuke: Bunge la Ulaya lilikuwa limependekeza kazi ya kujitolea itajwe, na Baraza la mawaziri wa nchi wanachama halikulipokea pendekezo hilo. Kilichoachwa nje kwa kunyamaza siku ya kuandika ndicho kilichotumika baadaye kama ushahidi kwamba hakikukusudiwa.

Njia ya pili huondoa ubishi wote huo kwa mstari mmoja. Sheria ya Haki za Binadamu ya New Zealand ya 1993 inasema kwamba mwajiri ni pamoja na yule ambaye kazi inafanywa kwa ajili yake na mfanyakazi asiyelipwa. Queensland ilipita upande wa pili: ilitafsiri "kazi" yenyewe, ikaijumuisha ile ya kujitolea au isiyolipwa. Matokeo yanakaribiana, ila mtindo wa New Zealand ni rahisi zaidi kupachikwa kwenye sheria iliyopo, maana unagusa tafsiri moja na kuziacha sehemu nyingine zilivyo.

Tungeandika hivi:

> "Kwa madhumuni ya Sehemu hii, *mwajiri* ni pamoja na mtu au chombo ambacho kazi isiyolipwa inafanywa kwa ajili yake, iwapo kinachagua, kinapanga au kinasimamia kazi hiyo, na *mwajiriwa* ni pamoja na anayeifanya, anayeomba kuifanya au aliyewahi kuifanya. Kifungu hiki hakimfanyi mtu huyo kuwa mwajiriwa kwa sheria nyingine yoyote."

Kila neno hapo lina kazi yake. "Au" iliyo kabla ya "kinasimamia" ikigeuzwa kuwa "na", shirika linalopanga zamu bila kusimamia limeshatoka. "Anayeomba" limo kwa sababu wengi hukataliwa wakiwa bado wanajaza fomu, wala hawafiki zamu ya kwanza. "Aliyewahi" linazuia kisasi cha baadaye, kama vile barua mbaya ya utambulisho kwa mtu aliyelalamika akaondoka. Sentensi ya mwisho ndiyo inayopitisha muswada bungeni. Bila hiyo, mashirika madogo yatasikia kima cha chini cha mshahara, likizo na michango ya hifadhi ya jamii, na yatapinga kifungu chote. Maneno "kinachagua, kinapanga au kinasimamia" nayo yanamwacha nje jirani aliyekuja kusaidia kubeba viti, na ndivyo inavyopaswa.

Mtego mkubwa wa njia hii ni hesabu ya watu. Sheria nyingi humhusu mwajiri mwenye idadi fulani tu ya wafanyakazi. Ile ya Marekani ya 1964 inadai wafanyakazi 15 au zaidi kwa wiki 20 au zaidi. Shirika lenye waajiriwa 4 na watu 60 wanaojitolea liko ndani au nje? Sheria ikinyamaza, mawakili watabishana miaka mitatu. Andika wazi kama wanahesabiwa. Maoni yetu ni kwamba wasihesabiwe kwa madai ya kukataliwa au kuondolewa, lakini kwa unyanyasaji idadi isiwe na maana yoyote. California inafanya kitu cha namna hiyo: wafanyakazi 5 kwa ubaguzi wa kawaida, mmoja tu kwa unyanyasaji.

Wapo wanaohofia kwamba njia ya pili itayanyang'anya mashirika haki ya kuchagua watu wanaoendana na lengo lao. Hofu hiyo inachanganya mambo mawili. Kumwingiza anayejitolea katika tafsiri hakuifuti misamaha. British Columbia, jimbo la Kanada, ilionyesha hilo mwaka 2005: Mahakama ya Rufaa ilichukulia kwamba mwombaji wa nafasi ya kujitolea katika kituo cha wanawake waliodhulumiwa kingono alikuwa ndani ya sheria, lakini kituo kikashinda kwa msamaha unaoyaruhusu mashirika ya aina hiyo kuwapa kipaumbele watu wa kundi linalohudumiwa. Kazi ya mwandishi wa muswada ni kuhakikisha misamaha iliyopo inataja "kazi isiyolipwa" pia. Akisahau, atakuwa ameweka wajibu bila kinga yake.

Njia ya tatu ina mvuto wa kisiasa. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 25 Juni 2021, unawataja kwa jina wanaojitolea na walio mafunzoni, hivyo nchi iliyouridhia ina sababu tayari mkononi. Afrika Kusini, katika mwongozo wake wa 2022 wa kuzuia unyanyasaji kazini, iliwataja wanaojitolea vilevile. California tangu 2015 inawakinga wanaojitolea dhidi ya unyanyasaji, huku wanafunzi wa mafunzo yasiyolipwa wakipata kinga pana zaidi. Kasoro iko pale pale: anayekataliwa kwa tabasamu hajanyanyaswa. Na ubaguzi mwingi dhidi ya wanaojitolea huja kwa tabasamu. "Tutakupigia." Hawapigi.

Ya nne haihitaji maneno mengi. Inatatua tatizo la wanafunzi, ambalo ni la kweli, kisha wabunge wanaona kazi imekwisha.

Tungechagua ya pili. Pale ambapo kura hazitoshi, anza na ya tatu, ila uandike humo fidia tunayoieleza mbele, maana ndiyo sehemu ngumu kuirudia baadaye. Na shirika lisilotaka kulisubiri bunge linaweza kujiwekea sera, lakini liiandike kama ahadi inayofunga. Sera inayosema "kwa heshima tu" ndiyo ileile iliyomfungia mlango mshauri wa 2012.

## Mlango wa pili: kinachoonekana

Hapa uchaguzi ni mgumu zaidi, kwa sababu kila njia ina hasara ya kweli.

Chanzo cha mjadala wa nywele kinaeleweka vizuri kupitia uamuzi mmoja. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Kumi na Moja ya Marekani iliangalia mwombaji kazi aliyepewa nafasi kisha akanyang'anywa alipokataa kukata rasta. Mahakama ilisema sheria inalinda sifa ambayo mtu hawezi kuibadilisha, na mtindo wa nywele hubadilika. Kipimo hicho cha "hubadilika au haibadiliki" kinaonekana kisafi kwenye karatasi, lakini kina upogo: dini nayo hubadilika, na hakuna anayesema kwa hiyo isilindwe.

Njia ya kwanza: kupanua tafsiri ya msingi uliopo. Mwaka 2019 California iliandika kwamba "mbari", yaani rangi au asili ya mtu, ni pamoja na sifa zinazohusishwa kihistoria na mbari, ikiwemo, lakini si hizo pekee, umbile la nywele na mitindo ya kuzilinda kama misuko, rasta na nywele za kusokota. Ilianza kutumika 1 Januari 2020. Mwaka huohuo wa 2019 jimbo la New York liliweka wazi kwamba ulinzi wa dini unahusu mavazi na ndevu za kidini. Faida ya njia hii ni kwamba dai linakuwa la ubaguzi wa moja kwa moja, yaani kutendewa vibaya kwa sababu ya msingi wenyewe. Mwajiri hawezi tena kusema "kanuni yetu inamhusu kila mtu", na mlalamikaji hana haja ya kuleta takwimu.

Hasara yake ni orodha. Texas ilipitisha sheria ya namna hiyo, ikaanza kutumika 1 Septemba 2023. Ndani ya miezi michache mwanafunzi mmoja aliadhibiwa na shule yake. Shule haikukataa rasta. Ilikataa urefu: ilisema nywele zikiachiwa zingeshuka chini ya nyusi au ndewe za masikio. Februari 2024 jaji aliamua kwamba sheria haikuvunjwa, kwa kuwa haikutaja urefu. Rasta zimelindwa, urefu haujalindwa, na rasta fupi ni jambo la kubahatisha. Mwandishi makini ataandika "umbile, mtindo, urefu au namna ya kuzifunga". Ataliepuka pia neno "kihistoria", ambalo California yenyewe ililiondoa kwa marekebisho ya 2024, maana linafungua ubishi kuhusu mtindo gani ulikuwepo lini.

Njia ya pili: msingi unaojitegemea wa mavazi au mwonekano. Wilaya ya Columbia, yaani jiji la Washington, Marekani, imekuwa na "mwonekano binafsi" tangu sheria yake ya 1977, na tafsiri inagusa hali ya mwili, namna ya kuvaa, nywele na ndevu. Ufaransa iliongeza "mwonekano wa kimwili" mwaka 2001. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27(4), inataja "mavazi" kwa jina, na ibara ndogo ya 5 inawafunga watu binafsi pia, si Serikali peke yake.

Upana huu unavutia, hasa kwa wale ambao njia ya kwanza inawasahau: mwenye kovu, mnene, aliyevaa vazi la kiutamaduni lisilo la dini. Lakini soma msamaha kabla ya kusifu kifungu. Katika Wilaya ya Columbia ulinzi hauhusu usafi, sare, wala viwango vilivyowekwa vikitumika sawasawa kwa kundi la wafanyakazi kwa sababu ya msingi ya kibiashara. Kwa maneno mengine, mwajiri mwenye mwongozo wa mavazi uliochapwa vizuri amepiga hatua kubwa ya kujiokoa. Tatizo la pili ni orodha zisizolingana. Sheria ya Ajira ya Kenya ilipitishwa 2007, miaka mitatu kabla ya Katiba, na kifungu chake cha 5 kilipoorodhesha misingi hakikutaja mavazi. Mlalamikaji katika hali kama hiyo inabidi aegemee Katiba moja kwa moja, njia ambayo ni ghali zaidi na inahitaji wakili. Ukiweka msingi mpya kwenye sheria moja, pitia nyingine zote zenye orodha.

Njia ya tatu: kuliachia suala hili kanuni ya ubaguzi usio wa moja kwa moja, yaani sharti linalomhusu kila mtu lakini linaloliumiza zaidi kundi fulani. Hapa mwajiri anaruhusiwa kutoa sababu. Ulaya ndiyo maabara yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba kanuni ya ndani inayokataza alama zote zinazoonekana za siasa, falsafa na dini si ubaguzi wa moja kwa moja. Mwaka 2021 ikakaza masharti: mwajiri aonyeshe haja halisi, aifuate kanuni bila kubagua, na asikataze alama kubwa tu, kwa kuwa katazo la "kubwa tu" humpata mwenye hijabu na kumwacha mwenye kidani. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, tarehe 15 Januari 2013, iliamua siku moja kesi mbili za msalaba. Mhudumu wa shirika la ndege alishinda, kwa kuwa sura ya kampuni haikuwa na uzito wa kutosha. Muuguzi alishindwa, kwa kuwa mkufu wodini ungeweza kuvutwa na mgonjwa au kugusa kidonda. Tofauti hiyo ya sababu, sura dhidi ya usalama, ni kipimo bora kuliko tafsiri nyingi ndefu.

Njia hii si dhaifu kila mara. Afrika Kusini, mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Rufaa iliwapa haki maofisa wa magereza waliofukuzwa kwa kukataa kukata rasta. Kanuni ilikuwa inawakataza wanaume huku wanawake wakiruhusiwa, na hakukuwa na ushahidi kwamba nywele ziliathiri kazi. Ila ona walichohitaji ili wafike huko: chama cha wafanyakazi nyuma yao na miaka kadhaa ya kesi. Anayejitolea hana chama.

Njia ya nne: wajibu wa kumwezesha mtu. Badala ya kukataza kanuni, sheria inamtaka mwajiri atafute njia ya kumruhusu huyu mmoja. Uzito wa kisingizio ndio kila kitu. Marekani kwa miongo kadhaa gharama yoyote iliyozidi kiasi kidogo sana ilitosha kukataa ombi la dini. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema lazima mzigo uwe mkubwa kwa kulinganisha na shughuli nzima. California ina kifungu kimoja tungekinakili kila mahali: tangu 2013, kumficha mtu asionwe na wateja au umma kwa sababu ya vazi lake la dini si kumwezesha. Kwa wanaojitolea hili ni muhimu kuliko wanavyodhani wengi, maana "njoo utusaidie stoo" ndilo jibu la kawaida.

Kasoro ya wajibu huu ni kwamba mtu lazima aombe, na kwa kawaida unagusa dini na ulemavu tu. Nywele zisizo za dini hubaki nje.

Uamuzi wetu: panua tafsiri ya msingi uliopo kwa mbari na dini, kisha weka wajibu wa kumwezesha mtu pale vazi linapogongana na usalama. Msingi unaojitegemea wa mwonekano uwekwe tu panapokuwa na tume au baraza lenye watumishi wa kutosha kuchuja madai, na msamaha wake usiwe mpana kuliko kifungu chenyewe.

Kuhusu usalama, usiandike "isipokuwa kwa sababu za usalama" ukaishia hapo. Neno hilo peke yake humeza kila kitu. Dai hatari iliyotajwa, na njia mbadala iliyojaribiwa. Barakoa ya kuchuja hewa inayobana uso kweli haizibi vizuri juu ya ndevu. Hewa chafu hupita pembeni mwa mpira. Lakini kofia pana inayopulizia hewa safi kwa mota haihitaji kuubana uso, na inavaliwa na mwenye ndevu. Kwa hiyo swali sahihi kwa timu ya uokoaji ni kama vifaa hivyo vipo au vinapatikana kwa gharama inayobebeka. Uingereza imechora mpaka wake kwa kilemba cha Masingasinga: msamaha wa helmeti ulianzia maeneo ya ujenzi kwa sheria ya 1989, mwaka 2015 ukapanuliwa hadi sehemu nyingi za kazi, lakini ukaacha nje baadhi ya kazi za dharura kama kuingia kwenye jengo linaloungua. Mpaka ulioandikwa hivyo unaweza kufuatwa hata na msimamizi wa zamu asiye mwanasheria.

## Milango inapokutana

Chukua mwanamke mwenye hijabu anayeomba kujitolea kwenye dawati la mapokezi la hospitali. Anahojiwa, anaambiwa anafaa, halafu anaelezwa kwamba wanaokaa mbele "hawavai vitu vya kichwani", ila anaweza kupanga mafaili nyuma.

Chini ya njia ya kwanza ya kujitolea, hana dai hata kama sheria ya mavazi ni nzuri kiasi gani. Chini ya kinga ya unyanyasaji tu, hana dai, hakutukanwa. Kazi isiyolipwa ikiwa ndani ya tafsiri lakini mavazi yameachiwa ubaguzi usio wa moja kwa moja, ana dai, na hospitali itatoa kanuni yake ya kutoegemea upande. Itabidi ionyeshe haja halisi. Kazi isiyolipwa ikiwa ndani, dini ikitafsiriwa pamoja na vazi, na kifungu cha kumficha mtu kikiwepo, mambo yamekwisha kwa sentensi mbili, na pengine hospitali ingelijua hilo kabla ya kumjibu.

## Fidia: sehemu inayosahaulika

Mabaraza mengi hukokotoa fidia kwa kuanza na mshahara uliopotea. Wa anayejitolea ni sifuri. Sheria ikimtambua bila kubadilisha hesabu hiyo, imempa haki ya kushinda na kuondoka mikono mitupu. Taja kwa jina: fidia ya kuumizwa hisia, nafasi iliyopotea, kama saa za mafunzo zinazotakiwa ili kupata leseni ya taaluma, cheti au barua ya utumishi, kurudishwa kwenye zamu, na amri ya kubadilisha kanuni yenyewe. Kwa vyama visivyosajiliwa, sema nani anashtakiwa na nani analipa. La sivyo mlalamikaji atamshtaki mwenyekiti, na mwenyekiti naye anajitolea.

Anayejitolea anaweza pia kuwa ndiye mbaguzi. Andika kwamba shirika linawajibika kwa vitendo vyake kama kwa mwajiriwa, isipokuwa lithibitishe lilichukua hatua za kutosha kuvizuia.

Tatizo la muda wa kufungua dai ni la pekee. Mwajiriwa hupewa barua ya kuachishwa, na saa huanza kuhesabu. Anayejitolea huacha tu kuitwa. Jina linatoka kwenye orodha ya zamu, ujumbe haujibiwi, na anapogundua kwamba hakusahauliwa bali aliondolewa, muda umekwisha. Nchini Uingereza, kwa mfano, kwa miaka mingi dai la ubaguzi kazini kwa kawaida lilikuwa na miezi mitatu pungufu ya siku moja. Dawa ina sehemu mbili: muda uanze siku alipojua au alipopaswa kujua, na awe na haki ya kudai sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Shirika likikaa kimya, baraza liruhusiwe kuuchukulia ukimya huo kuwa ushahidi dhidi yake. Karatasi za kutunzwa ni chache: fomu ya maombi, orodha za zamu, ujumbe wa kukubali au kukataa. Mwaka mmoja baada ya mtu kuondoka unatosha.

Mwisho, tarehe ya kuanza kutumika. Acha angalau miezi sita kati ya kutiwa saini na kuanza, ili mashirika yapitie fomu, sare na mikataba ya bima, kwa kuwa bima nyingi za madai ya kazini hutaja "waajiriwa" na zitahitaji nyongeza inayowataja wanaojitolea. Sema pia kwamba kanuni ya mavazi iliyokuwepo kabla na inayoendelea kutumika baada ya siku hiyo ni kitendo kinachoendelea. Bila mstari huo, utetezi wa kwanza utakuwa kwamba mwongozo wa mavazi uliandikwa zamani.